Msitu wa Umma na Deni la Maji: Mfano wa Mto Zigi

Mkazi wa Ngamiani au Chumbageni, mjini Tanga, afunguapo bomba lake asubuhi hupata maji ambayo hapo kabla yalikuwa mvua na ukungu juu ya majani ya miti ya Amani. Maji hayo yameteremka kwa vijito vingi hadi Mto Zigi, yamepita kando ya mashamba ya chai, ya iliki na ya mkonge, yamezuiliwa na bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978, kisha yamesafishwa na kusukumwa mjini. Mwisho wa mwezi mkazi huyo huletewa ankara. Ndani ya ankara hiyo hulipia mitambo, umeme, dawa, mabomba na mishahara ya mafundi. Msitu haumo.

Kutokuwamo huko si jambo dogo la uandishi wa hesabu. Kwa zaidi ya karne moja sehemu kubwa ya misitu ya Usambara Mashariki imekuwa mali ya umma, kwanza chini ya Wajerumani, baadaye chini ya Waingereza, na tangu mwaka 1961 chini ya serikali ya wananchi wenyewe. Kila utawala uliweka daftari la vitu vitokavyo msituni. Daftari hilo liliandika magogo, likaandika mbao, likaandika ushuru na faini. Maji hayakuandikwa, kwa sababu hakuna aliyeyanunua pale pale msituni. Hoja ya makala haya ni kwamba msitu wa umma hauwezi kutunzwa kwa muda mrefu ikiwa zao lake kuu halipimwi, na ikiwa wale wanaokaa ukingoni mwake, ambao ndio walinzi wake wa kila siku wapende wasipende, hawapati fungu lolote la thamani ya zao hilo.

Msomaji asiyeijua sehemu hiyo ya nchi na afuate barabara itokayo Muheza kuelekea magharibi. Baada ya tambarare yenye joto, yenye minazi na michungwa, barabara huanza kupanda kwa kona kali, na hewa hubadilika. Amani iko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, nayo bahari yenyewe haiko mbali. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi zikiwa zimejaa unyevu hukutana na ukuta wa milima, hupanda, hupoa, na huangusha mvua. Ndiyo maana Tanga mjini hupata mvua ya milimita 1,300 hivi kwa mwaka, ilhali Amani hupata zaidi ya milimita 1,800, na ni mara chache mwezi kupita bila mvua yoyote. Hali hiyo, iliyodumu kwa muda mrefu sana, imefanya milima hii kuwa makao ya viumbe wasiopatikana penginepo duniani. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za kimmea kidogo chenye maua ya zambarau alichokikuta katika nchi ya Tanga. Wataalamu wakakiita Saintpaulia. Leo kimmea hicho hukaa katika vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na biashara yake imewatajirisha watu wengi walio mbali sana na Muheza. Hicho nacho hakikuandikwa katika daftari.

Lakini turudi kwenye maji, maana hapa ndipo kauli nyingi hutolewa bila kupimwa. Watoto wa shule hufundishwa kuimba kwamba misitu huleta mvua na kwamba ukikata mti mto hukauka. Kauli hiyo ina nia njema, walakini mwalimu wa sayansi hana budi kuichambua kabla ya kuiandika ubaoni. Mti ni kiumbe chenye kiu. Hunyonya maji kwa mizizi iendayo chini sana, na huyarudisha hewani kupitia majani yake. Zaidi ya hapo, sehemu ya mvua inayonaswa na majani hukauka huko huko juu bila kugusa ardhi. Kwa hiyo, katika hesabu ya jumla ya mwaka mzima, bonde lenye msitu aghalabu hutoa maji machache mtoni kuliko bonde lenye majani mafupi au mazao.

Jambo hili halikutungwa vitabuni. Lilipimwa hapa hapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Afrika Mashariki, katika mpango ulioanzishwa na H. C. Pereira, walichagua mabonde mawili ya milimani karibu na Mbeya, moja likiwa na msitu wa asili na jingine likilimwa na wakulima. Wakapima mvua iliyoingia na maji yaliyotoka kwa muda wa miaka kumi hivi. Matokeo yaliwashangaza wengi: bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi. Sababu ilikuwa udongo. Udongo wa sehemu ile umetokana na majivu ya volkano, nao una vitundu vingi mno hata mvua kubwa huzama upesi, kulimwe kusilimwe. Mazao yalitumia maji machache kuliko miti, na yaliyobaki yakaenda mtoni.

Je, maana yake ni kwamba msitu wa Amani unaweza kufyekwa na Tanga ikapata maji zaidi? La hasha. Usambara si Mbeya. Miamba ya Usambara ni ya kale sana, haikutokana na volkano, na udongo wake mwekundu katika miteremko mikali hutegemea mno kile kilichoufunika. Juu ya ardhi ya msitu kuna tandiko la majani makavu na mboji. Tone la mvua likianguka kutoka mawinguni hugonga majani ya juu, hudondoka kwenye majani ya kati, huishia kwenye tandiko hilo, na huingia ardhini kupitia mashimo ya mizizi iliyooza na njia za minyoo na mchwa. Liondoe tandiko, na tone lile lile huipiga ardhi kwa nguvu, huvunja chembe za udongo, na chembe hizo huziba vitundu. Hapo maji hayazami tena. Huteremka juu ya ardhi yakibeba udongo. Mto ambao ungepokea maji hayo pole pole kwa wiki kadhaa huyapokea kwa saa chache, yakiwa rangi ya matofali.

Basi neno sahihi ni hili: kazi kuu ya msitu wa Usambara kwa mji wa Tanga si kuongeza wingi wa maji. Kazi yake ni kuyapa utaratibu na kuyafanya yawe safi. Tofauti hii ina maana kubwa kwa anayelipa. Tope likifika Mabayani hutua chini ya bwawa na kupunguza nafasi ya maji. Tope lisilotua huingia mtamboni, na huko hugandishwa kwa dawa, aghalabu chumvi ya alumini, ambayo hununuliwa kwa fedha. Kadiri maji yanavyochafuka ndivyo dawa inavyoongezeka. Kwa maneno mengine, kila gunia la udongo litokalo katika mteremko wa Amani lina bei yake Tanga mjini, ingawa bei hiyo haisomwi na mwenye jembe aliyeufungua udongo huo, wala haisomwi na ofisa wa misitu.

Kwa nini daftari la msitu liliandikwa kwa magogo peke yake? Jibu lake liko katika historia ya elimu ya misitu yenyewe. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saksonia katika Ujerumani, aliandika kitabu akihimiza kwamba miti isikatwe zaidi ya ile inayoota. Migodi ya fedha ilihitaji kuni nyingi za kuyeyushia mawe, na misitu ilikuwa inakwisha. Kanuni yake ni nyepesi kama ya mtu aliyeweka akiba benki: kula faida, usiguse mtaji. Kanuni hiyo ikawa msingi wa elimu ya misitu duniani, na Wajerumani walikuja nayo Tanga. Walikuja pia na amri ya mwaka 1895 iliyoifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Ni nani aliyeulizwa kama ardhi ile haikuwa na mwenyewe, hilo ni swali ambalo Wasambaa hawakuacha kuliuliza. Mwaka 1902 ikaanzishwa Amani taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo na mimea, na miaka michache baadaye reli ndogo ikajengwa kutoka Tengeni hadi Sigi ili kuteremsha magogo. Nyumba ya stesheni ya Sigi ingali imesimama. Imekuwa kituo cha kupokea wageni wa hifadhi. Reli ilikwisha zamani.

Kanuni ya Carlowitz ni nzuri, na kuna mahali inapofaa hasa. Katika shamba la miti la Longuza, chini ya milima hiyo hiyo wilayani Muheza, mitiki hupandwa kwa mistari, hupunguzwa, hukatwa ikikomaa, na hupandwa tena. Aina ni moja, umri unajulikana, na mita za ujazo zinaweza kukisiwa kwa uhakika. Anayetaka mbao kutoka katika mali ya umma, na taifa linazihitaji, na azitafute huko. Ugumu huanza kanuni hiyo inapohamishiwa msitu wa asili bila kubadilishwa.

Chukua mfano wa darasani. Hekta moja ya msitu ina mita za ujazo 300 za miti, nayo hukua kwa mita 3 kila mwaka. Kwa hesabu ya Carlowitz inaruhusiwa kukata mita 3 kila mwaka, au kukata mita 90 kwa mara moja na kungoja miaka 30. Baada ya miaka hiyo mkaguzi hurudi na kupima: mita 300 ziko. Huandika kwamba msitu umetunzwa. Lakini mita za ujazo hazina jina. Huenda mita 90 zilizokatwa zilikuwa mvule na mfimbo, na mita 90 zilizoota mahali pake ni mti wa aina nyingine kabisa. Daftari haliwezi kuona badiliko hilo.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea Amani. Mti uitwao na wataalamu Maesopsis eminii, ambao Wahaya huuita muhumula, ni mwenyeji wa misitu ya magharibi na kati ya Afrika hadi pande za Bukoba. Uliletwa Amani kwa majaribio wakati wa Wajerumani, na baadaye ukapandwa kwa wingi katika sehemu zilizokatwa miti, hasa Kwamkoro, kwa sababu hukua haraka mno. Matunda yake hupendwa na hondohondo, ndege wenye midomo mikubwa, ambao huyameza na kuzidondosha mbegu mbali. Mbegu ikianguka katika kivuli kizito haifiki popote. Ikianguka mahali ambapo dari ya msitu imefunguliwa na msumeno, mche wake huwapita wenyeji wote. Ubishi ungalipo baina ya watafiti kuhusu kiasi cha hatari yake kwa siku za mbele, lakini hakuna anayebisha kwamba mlango uliufunguliwa na ukataji.

Ukataji wenyewe ulipata nguvu mpya katika miaka ya 1970. Kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kilichokuwa wakati huo mali ya umma, kilipata mitambo kwa msaada wa Ufini ili kiongeze mbao na plaiwudi. Nia haikuwa mbaya. Taifa changa lilihitaji shule, milango, vitanda na ajira, na halikupenda kuagiza mbao nje huku lina msitu. Lakini tingatinga zilipochonga barabara katika miteremko mikali, na magogo yalipoburutwa chini, udongo ulifuata. Wananchi walilalamika, wanasayansi wa ndani na wa nje waliandika, na mjadala ukafika hata Ufini kwenyewe. Mwaka 1986 na 1987 msitu ulipimwa upya kwa msaada wa nchi hiyo hiyo, na ukataji wa mashine ukasimamishwa. Msaada uliokuwa wa kukata ukageuzwa kuwa wa kuhifadhi. Mwaka 1997 misitu kadhaa ya akiba iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye hekta 8,380, ya kwanza ya aina hiyo nchini.

Wengi huisimulia hadithi hii kana kwamba iliishia hapo, kwa ushindi. Haikuishia hapo. Kusimamisha msumeno wa kiwanda kulikuwa rahisi, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimoja na kilikuwa cha serikali. Walibaki watu wa vijijini.

Tangu zamani wakulima wa Usambara Mashariki walipanda iliki chini ya miti mikubwa. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima hufyeka miti midogo na kuacha mikubwa. Atazamaye kwa mbali huona msitu. Akaribiaye huona kwamba hakuna miche itakayorithi nafasi ya wazee siku watakapoanguka. Udongo nao huchoka baada ya miaka kadhaa, na iliki hufuatwa na migomba au miwa. Kwa mwanasayansi huo ni msitu unaokufa pole pole. Kwa mkulima ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni mahari. Wote wawili husema kweli.

Mgongano huo ulionekana wazi Derema, kipande cha msitu chenye hekta zipatazo 960 ambacho huunganisha Hifadhi ya Amani na misitu mingine ya kaskazini. Wanyama na mbegu wanahitaji njia hiyo, na hoja ya kisayansi ya kuihifadhi ilikuwa na nguvu. Mipaka ikawekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wakulima zaidi ya elfu moja waliokuwa na mazao ndani yake wakaambiwa waache kuyahudumia. Fidia ilikawia kwa miaka. Mpaka Derema ilipotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 2010, watu walikuwa wamekwisha kujifunza somo ambalo halimo katika mtalaa wowote, kwamba mali ya umma ni kitu ambacho umma hunyang'anywa. Somo la namna hiyo hudumu. Huko Usambara Magharibi, katika bonde la Mlalo, Waingereza walijaribu tangu mwaka 1946 kuwalazimisha Wasambaa kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kiufundi matuta yalikuwa na faida yake. Yalilazimishwa kwa amri na faini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umeachwa kwa upinzani wa wananchi. Wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno yao ya kupima utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala alihukumiwa kwa matokeo yaliyoonekana shambani. Nia aliyotangaza haikumwokoa.

Serikali imejaribu kurekebisha mambo. Sera ya misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliruhusu vijiji kuwa na misitu yao vyenyewe, na pia kusimamia pamoja na serikali misitu ya taifa kwa makubaliano ya maandishi. Katika misitu ya kijiji mpango huu umeleta mafanikio ya kweli. Babati, tangu miaka ya 1990, vijiji vilivyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba viliulinda vizuri kuliko maofisa walivyoweza, kwa sababu vilijua ni wao watakaochuma. Lakini katika misitu ya lindimaji kama ya Amani, ambamo hairuhusiwi kukata miti, mkataba wa usimamizi wa pamoja huwapa wanakijiji doria, kuzima moto na kuripoti wavunaji haramu, na badala yake huwapa kuni zilizoanguka, uyoga, dawa za miti shamba na sehemu ya viingilio vya watalii. Sheria haikutaja kiwango cha mgawanyo. Si ajabu kwamba doria hupungua. Mtu hawezi kuombwa alinde kwa mshahara wa shukrani.

Zipo njia nyingine za kipato ambazo zimejaribiwa, nazo zinastahili heshima. Mbegu za msambu, mti wa asili wa milima hii, zina mafuta yanayoganda, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimenunuliwa kwa ajili ya viwanda. Karibu wakati huo huo wakulima wa Amani walianza kufuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Biashara hiyo ilikuwa ikimpa mwanamke wa kijijini sababu ya kuupenda msitu kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na vipepeo wakaingia katika katazo lililokusudiwa kuwalinda twiga na nyani. Ndivyo ilivyo shida ya kuegemeza msitu wa umma juu ya soko la mbali.

Wateja wa maji, kinyume chake, wako karibu, wako wengi, na kiu yao haina msimu. Ndiyo sababu deni la maji ni hoja yenye uzito kuliko zote. Fikra hii si ngeni. Mji wa New York mwaka 1997 ulifanya makubaliano ya kugharimia utunzaji wa milima utokako maji yake, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja. Katika milima ya Uluguru, mwishoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa vyanzo vya Mto Ruvu walianza kulipwa kwa kuchimba makinga maji na kupanda miti mashambani mwao, na waliochangia ni pamoja na wenye kugawa maji Dar es Salaam. Tanga yenyewe haiko nyuma. Mamlaka ya maji ya jiji imekuwa ikishirikiana na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi, na mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza kwa umma hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53 hivi, jambo ambalo mamlaka za miji mingine zimelitazama kwa hamu. Wananchi walijitokeza kununua zaidi ya kilichotakiwa.

Kwa hiyo fedha zaweza kupatikana, na wanaoweza kulipa wapo. Kinachokosekana ni kanuni ya kudumu. Michango ya mradi huja na kwenda. Mradi ukifungwa, magari huondoka na mkulima hurudia jembe lake. Linalofaa ni fungu dogo, lililotajwa kwa asilimia ndani ya bei ya kila uniti ya maji, litakalopelekwa moja kwa moja kwa vijiji vya vyanzo vya Zigi, na litakalolipwa kwa kupima. Kupima huko ndiko kiini cha shauri hili. Vijito vinavyotoka katika eneo la kila kijiji vinaweza kupimwa tope lake kila wiki, kwa vyombo visivyo ghali. Kijiji ambacho maji yake yametoka safi katika masika kilipwe zaidi. Ambacho maji yake yametoka mekundu kilipwe kidogo, na kipewe mtaalamu wa kukisaidia kujua ni shamba gani, ni njia gani au ni kichimbio gani kinachoyachafua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu walivamia Sakale, kwenye vyanzo hivyo hivyo, na serikali ilibidi itumie nguvu kuwaondoa. Kijiji chenye fungu la maji kingekuwa na sababu yake chenyewe ya kupiga mbiu siku ya kwanza.

Watakuwapo wapingaji. Wako watakaosema kwamba maji ni haki ya kila mtu na kwamba kumwongezea mkazi maskini wa Tanga hata shilingi moja ni dhuluma. Hoja hii haifai kupuuzwa, na jibu lake ni kwamba fungu litozwe zaidi kwa viwanda na kwa matumizi makubwa kuliko kwa ndoo za bomba la mtaani. Lakini ikumbukwe kwamba mkazi huyo analipia tope hata sasa, ndani ya gharama ya dawa, bila kuambiwa. Wengine watasema kwamba msitu ni wa umma, hivyo haipasi raia alipwe kwa kutoharibu mali yake mwenyewe. Hao wangefaa kwenda Derema wakalisemee hilo huko. Na wako maofisa watakaodai kwamba bunduki na mgambo vinatosha. Wakala wa Huduma za Misitu, ulioanzishwa mwaka 2010, una watumishi hodari, lakini hakuna nchi yenye walinzi wa kutosha kusimama kwenye kila mteremko usiku wa mvua.

Pingamizi kubwa zaidi ni la kisayansi, nalo linatokana na somo la Mbeya. Huenda kipimo kikaonyesha kwamba tope jingi la Zigi halitoki msituni wala kwenye mashamba ya iliki, bali kwenye barabara zisizo na mitaro na kingo za mto zinazolimwa huko chini tambarare. Hilo likithibitika, fedha zifuate ukweli huo hata kama hautawafurahisha wapenzi wa msitu. Msitu wenye sababu nyingi nzuri za kuwapo hauhitaji kutetewa kwa sababu isiyo kweli.

Kazi ya kupima haihitaji kungoja Dodoma. Shule za sekondari ziko Muheza, ziko Amani, ziko Tanga. Mwalimu wa jiografia au wa kemia akiwa na chupa za kioo zilizo sawa, karatasi ya kuchujia iliyokaushwa na mizani ya maabara anaweza kuwaongoza wanafunzi wake wachote lita moja ya maji kila Jumatatu, mahali pale pale na saa ile ile, wachuje, wakaushe na kupima uzito wa kilichobaki. Uzito huo waugawe kwa lita, wauandike pamoja na mvua ya wiki iliyotangulia. Shule ya juu ikibadilishana takwimu na shule ya chini, zitajua tope limeingia mtoni baina ya daraja lipi na lipi. Waanze Machi, kabla mvua za masika hazijakolea, ili daftari liwe na kurasa chache za maji meupe mwanzoni.